Fyuzi Yenye Rangi Nyekundu

Ilianza Jumamosi, saa nne na robo asubuhi. Nakumbuka saa kwa sababu baba aliitazama simu yake, akaiegemeza kwenye chupa ya chai, akasema, "Haya mwalimu, tuanze." Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa video, Mhindi mwenye sharubu, na sauti yake ilikuwa ikikatika kila mara bando lilipozubaa. Baba anasoma mita za maji. Hajawahi kutengeneza redio. Lakini asubuhi hiyo alitandika gazeti juu ya meza, akaweka stirio ya kuka katikati, akaniambia nishike tochi.

Stirio hiyo huwezi kuibeba kwa mkono mmoja. Ni sanduku la mbao lenye uso wa rangi ya fedha, vifundo vizito vya kuzungusha, na kidirisha kirefu cha namba za stesheni ambacho kikiwaka hutoa mwanga wa kibluu. Spika zake mbili zinanifika kiunoni. Kuka, yaani babu yangu mzaa baba, aliinunua zamani alipokuwa kijana kwenye kiwanda cha sukari huko Butali, na hakumruhusu mtu kugusa kifundo hata kimoja. Kukhu, mkewe, alikuwa akiiita mke mwenza. "Mzee ameamka," alikuwa akisema, "ameenda kumsalimia mwenzangu kabla anisalimie mimi."

Kuka alipofariki mwaka jana, mtu fulani alipata wazo la kuichomeka kwenye jenereta ya matanga ili nyimbo za kanisa zisikike mpaka barabarani. Iliimba nusu ya wimbo, ikafanya "tap," ikanyamaza. Waombolezaji walisema imemfuata mwenyewe. Tangu hapo ilikaa sebuleni ikiwa imefunikwa kitambaa, na kukhu akakihamisha kiti chake karibu nayo.

Mimi nilitaka ipone, na sababu yangu ilikuwa moja. Baba mdogo alikuwa anaitaka. Huyo ndiye kitinda mimba wa kukhu, ana kibanda chake cha kinyozi Lubao, na kila akija kwetu huku Shirere alikuwa anamwambia baba, "Bro, kama imekushinda sema tu. Nipe niende nayo." Niliona wazi kwamba baba akishindwa, stirio itaondoka. Na mimi ni mtu wa aibu sana. Wageni wakija najisikia kama nimevuliwa nguo. Mahali pangu pa kujificha, tangu nikiwa mdogo, ni nyuma ya spika ya kushoto. Kuka alikuwa ananijua. Wageni wakiuliza, "Huyu msichana haongeangi?" alikuwa akiongeza sauti kidogo ili nisilazimike kujibu. Kwa hiyo tochi niliishika vizuri.

Ndani kulikuwa na vumbi la kuotesha sukuma wiki. Baba alilifagia kwa brashi ya rangi. Tulikuta mende aliyekauka amekunja mikono kama mtu aliyelala kanisani. Halafu mwalimu wa simu akatuonyesha fyuzi: kipande cha kioo kidogo, kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, kina kofia ya chuma kila upande na uzi mwembamba katikati. Ya kwetu ilikuwa nyeusi ndani.

"Kumbe ni haka tu!" baba akasema. "Kamechomwa na ile jenereta." Akakatupa kwenye kopo la misumari na skrubu za zamani.

Alienda Lubao kwa mzee mmoja anayeuza matumbo ya redio zilizokufa, yamejaa beseni zima, akarudi na fyuzi kadhaa kwenye karatasi. Hakuamini kuchomeka moja kwa moja. Mwalimu wa simu alikuwa ameonya, kwa hiyo baba alipitisha umeme kwanza kwenye bulbu ya kawaida. Kama ndani ya stirio kuna shoti, bulbu inawaka kali na kubaki hivyo. Kama hakuna, inawaka kidogo halafu inafifia. Bulbu yetu ilififia. Baba akatoa bulbu, akachomeka, akabonyeza. Kidirisha kikawaka kibluu. Spika zikakohoa, na mtu akaanza kusoma matangazo ya vifo, jina la marehemu, mke wa fulani, mama wa fulani na fulani, mkwe wa fulani.

Baba alipiga makofi kama mtoto. Mimi nililia kidogo, sikuonekana. Kukhu alikuwa mlangoni ameshika mwiko. Akasema, "Imeongea," akarudi jikoni kukoroga mrenda ambao haukuhitaji kukorogwa.

Hilo la mrenda nililiona. Sikulitilia maanani.

Jioni hiyohiyo baba mdogo alikuja. Sijui nani alimwambia. Alileta mkate, akanikuta mlangoni nikitafuta njia ya kutoroka.

"Niaje, mrembo wa nyuma ya spika! Bado haujaanza kuongea? Wewe na hii stirio ni kitu kimoja, mnangoja fyuzi."

Nilivitabasamia viatu vyangu. Yeye akaingia, akakaa sebuleni na kukhu akingoja chai, baba akiwa bafuni. Nilichungulia. Alikuwa amepiga magoti mbele ya stirio, akiipapasa pembeni. Na kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na bisibisi ndogo, ile anayokazia mashine ya kunyolea.

Kesho yake, tulipotoka kanisani, baba alibonyeza ili asikie mahubiri mengine. Kimya. Giza. Alipofungua, fyuzi ilikuwa nyeusi.

"Aii," baba akasema. "Kuna kitu kinaichoma."

Akaweka nyingine. Akarudisha bulbu. Bulbu ikafifia, maana yake ndani hakuna shoti. Stirio ikaongea. Siku ya tatu hivi baba mdogo alipita tena, "nilikuwa na mteja huku," akanywa chai, akaondoka. Asubuhi yake, kimya. Fyuzi nyeusi.

Baba alianza kukonda juu ya hiyo meza. Alikuwa akitoka kazini na vumbi la mita za watu, anakula obusuma, ugali wetu, haraka haraka, anafungua sanduku. Alifuata kila waya. Alipiga picha sehemu zote akazikuza kwenye simu. "Bulbu inasema hakuna shoti," alikuwa akisema peke yake. "Fyuzi inasema iko shoti. Kati ya hawa wawili, mmoja ananidanganya." Siku moja alimgeukia kukhu. "Mama, hujaona mtu akigusanga hii kitu?"

"Mimi naona nini na macho haya?" kukhu akajibu. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimwona akiokota jiwe dogo kama punje ya sukari, akalitupa nje ya dirisha.

Hapo ndipo nilipoanza kulala vibaya. Mimi siongei, lakini naangalia, na nilikuwa nimeshajua ni nani. Kila kitu kilimwangukia baba mdogo. Anaitaka. Anakuja ikishapona. Anakaa nayo peke yake, maana kukhu husinzia. Ana bisibisi mfukoni. Niliwaza pia maneno yake, "kama imekushinda." Mtu akitaka ikushinde, si ataifanya ikushinde? Nilianza kumchukia mpaka mkate wake. Ulikuwa unakauka kabatini mimi nikisema nimeshiba.

Lakini sikuwa na ushahidi, na mtu kama mimi hawezi kusimama mbele ya wakubwa na hisia tu. Kwa hiyo baba alipoweka fyuzi nyingine, nilimwomba niiweke mimi. Alifurahi, akafikiri nataka kuwa injinia. Kabla ya kuiweka nilichovya kijiti kwenye rangi yangu ya kucha, ile nyekundu ninayoficha chini ya sanduku kwa sababu shuleni hawataki, nikaipaka kofia moja ya fyuzi nukta moja. Baba hakuona. Nikaisukuma mahali pake, ikakaa tik.

Baba mdogo alikuja Ijumaa. Jumamosi stirio ikawa imekufa. Baba alipotoa fyuzi nyeusi, nilisogeza tochi karibu mpaka akasema namuunguza. Hakukuwa na rangi. Niliizungusha upande huu na upande ule. Hakuna. Hiyo haikuwa fyuzi niliyoiweka. Mtu alikuwa amefungua, akatoa nzima, akaweka iliyoungua. Na zilizoungua zilikuwa wapi? Kwenye kopo la misumari, hapo juu ya kabati, kila mtu anajua.

Baba alikuwa anatafuta ugonjwa ambao haukuwepo.

Nilifungua mdomo nimwambie. Ukatoka upepo tu. Nilijiona nikisema, "Baba, ni ndugu yako," nikaona uso wake, nikaufunga. Nikaamua nimshike kwanza. Usiku huo baba mdogo alipiga simu, na baba akaweka sauti ya nje. "Kesho nitapitia hapo mkiwa kanisani," alisema, "nimsalimie mama." Baba akamwambia fyuzi nyingine iko ndani na inaongea, lakini hajui kama itafika kesho. "Itafika," baba mdogo akasema, akacheka. Mimi kile kicheko kilinipanda mpaka shingoni.

Jumapili nilisema tumbo linaniuma. Mama yangu na baba wakaenda kanisani. Kukhu alibaki kwa sababu ya magoti yake, akiwa kwenye kiti chake. Nikamwambia nalala, nikasimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba changu, mahali naona sebule yote kupitia tundu lililochomwa na pasi.

Baba mdogo alikuja kweli. Alisalimia, "Mulembe, mama," akapewa chai ya kwenye chupa. Halafu akaenda kwenye stirio, akaondoa kitambaa. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma ya isukuti. Akaingiza mkono mfukoni. Nikasema, sasa.

Alitoa uzi. Aliupima kutoka pembe hii mpaka pembe ile, akafunga fundo. Akapima kina, akafunga fundo lingine. Akachukua leso yake ya mfukoni, akapangusa kidirisha polepole, kama anavyopangusa nywele kwenye shingo ya mteja.

"Fundi anamalizia shelfu," akamwambia kukhu. "Nataka iingie tap, isitingishike. Nimeiweka ukutani mbali na maji. Mama, utakuja uione?"

"Nitakuja na magoti gani?" kukhu akasema.

Akacheka, akafunika stirio, akarekebisha kitambaa mpaka kikakaa sawa, akaondoka. Hakugusa skrubu hata moja.

Nilibaki pale nikiwa mjinga. Nilikuwa karibu kutoka nikajitupe kitandani, ndipo kukhu akainuka. Aliinuka bila kuguna, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Akaenda kabatini, akashusha kopo la misumari, akalichakura. Akatoa bisibisi ya kuka chini ya mto wa kiti chake. Akakaa kwenye stuli mbele ya stirio, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye mapaja yake kwa mpangilio. Akainua mfuniko. Mkono wake uliingia ndani bila kutafuta.

Nilitoka nyuma ya pazia. Sikupanga. Nafikiri pazia ndilo lilinisukuma.

"Kukhu."

Hakushtuka sana. Alishika fyuzi katikati ya vidole viwili, na ile nukta nyekundu ya Ijumaa ilikuwa kwenye fundo la leso aliyojifunga, fundo limelegea, ikichungulia pamoja na zingine.

"Tumbo limepona?" akaniuliza.

"Ni wewe."

"Ni mimi. Ulifikiria ni nani?"

Alinitazama, akaelewa, akatikisa kichwa. "Maskini mtoto wangu. Na anakuleteanga mkate."

Nikauliza kwa nini. Ilikuwa sauti yangu lakini kubwa kuliko ninavyoijua. Kukhu akaweka fyuzi kwenye kiganja, akaiangalia.

"Siku ya kunyoa ulikuwa wapi?"

Nilikuwa jikoni, nikinyonyoa ingokho, kuku wa matanga, na wasichana wengine. Siku ya kunyoa ni ile baada ya mazishi, jamaa wa marehemu wananyolewa nywele na vitu vyake vinagawanywa mbele ya wazee wote, ili mtu asije akadai baadaye. Wasichana hatukai pale.

"Basi hukusikia," kukhu akasema. "Baba yako alipewa shamba na ng'ombe. Huyu mdogo akapewa koti na baiskeli. Wazee wakaona ni kidogo. Wakauliza, na hii ledio? Mtu akasema imekufa. Wakasema kitu kimekufa hakigawanywi. Wacha ikae kwa nyumba ya mama yake. Siku itaongea, ni ya huyu mdogo, aichukue, mtu asimuulize."

"Baba anajua?"

"Baba yako alikuwa amekaa hapo, kichwa kinang'aa."

Nikakaa chini sakafuni. Jioni zote zile baba alikuwa anahangaika na waya ili ampe ndugu yake kilicho chake. Na baba mdogo hakuwa na haja ya kuharibu kitu. Kila alipouliza kama imeongea, alikuwa anauliza tu. Mimi ndiye nilikuwa namsaidia baba kuiondoa, kwa mkono wangu, na tochi yangu, na rangi yangu ya kucha.

"Lakini ikiwa imekufa haikusaidii kitu," nikasema.

Kukhu alicheka, kicheko cha pumzi tu. "Nimekaa na huyu mke mwenza miaka yote ya ndoa yangu. Mimi nilikuwa namshikia mzee tochi, unafikiria nilijuaje mahali fyuzi inalala? Nilimchukia nikachoka kumchukia. Sasa amenyamaza na mimi nimenyamaza. Tunakaa hapa. Mkimpeleka, nitakaa na nani? Na kabati?"

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alirudisha fyuzi nzima mahali pake. Akafunga mfuniko. Skrubu alizifungua upesi, lakini kuzikaza kulimchukua muda mrefu.

"Umeniona," akasema. "Siwezi kuifanya tena na wewe unajua. Wacha iende."

Jioni baba aliporudi aliibonyeza, akaruka nyuma kwa mshangao. Imefika! Ilikaa ikiongea mpaka tukamaliza kula. Alimpigia ndugu yake. "Kuja kesho asubuhi na boda na kamba," akasema, "kabla ibadilishe nia." Kukhu hakula. Alisema obusuma ni ngumu, na haikuwa ngumu, mimi ndiye niliisonga. Baba alimwangalia. Akaiangalia stirio. Akachukua bisibisi, akasema anaikaza vizuri kwa ajili ya safari, na akaendelea kuishughulikia huku ametugeuzia mgongo.

Leo asubuhi niliamka nikavaa sare. Kukhu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, amejifunga leso mpaka shingoni. Baba alikuwa nje akitoa matope kwenye buti zake, polepole mno kwa mtu anayechelewa kazini. Juu ya stirio kulikuwa na bisibisi. Baba hasahau bisibisi. Ni mtu anayehesabu hata vijiti vya kiberiti. Nikagusa skrubu ya kwanza. Ilizunguka kwa kidole. Zote zilizunguka kwa kidole.

Niligeuka kuangalia dirishani. Baba alikuwa ametazama upande wa barabara.

Sasa sijui baba anajua nini, na alianza kujua lini. Labda siku ya maharagwe. Labda kabla. Yeye ndiye anayetakiwa kumpa ndugu yake haki, na yeye ndiye mwana wa kukhu, na sijui mtu anafanyaje akiwa vyote viwili. Anasahau bisibisi, labda.

Nilifikiria ile shelfu. Niliifikiria kweli, iko ukutani mbali na maji, imepimwa kwa uzi wenye mafundo mawili. Baba mdogo alipewa koti na baiskeli, na mimi nimemchukia bure. Halafu nikamwangalia kukhu, ambaye hakuwa ananiangalia.

"Kukhu, fungua leso," nikasema.

Akafungua fundo. Zilikuwemo nzima tatu, na moja nyeusi ile ya jana ambayo hakuwahi kuirudisha kwenye kopo. Nilichukua nyeusi. Niliinua mfuniko, nikatoa nzima nikampa, nikaweka iliyoungua, ikakaa tik. Nikafunga skrubu, nikazikaza kabisa, nikarudisha bisibisi juu pale pale ilipokuwa. Kukhu alifunga leso yake tena. Kutoka humo nilikuwa nimechukua kitu kimoja zaidi, ile yenye nukta nyekundu. Hiyo niliitia ndani ya soksi.

Getini nilikutana na baba mdogo anashuka kwenye boda. Alikuwa na kamba begani na godoro la mtoto la kuiwekea isigongwe.

"Mrembo! Imeongea?"

Shavu langu liliwaka moto. Nilitaka kumwambia samahani kwa mkate, na sikuweza kumwambia hata hilo.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, kwa sauti, nikimwangalia machoni. Alishangaa mpaka akasahau kuitikia. Nikaenda shule, fyuzi ikinikwaruza kwenye kifundo cha mguu kila hatua.